Safari ya Motokaa katika Jangwa la Atacama

Jioni hii twataka kuwachukua mbali, hata nchi ya Chile iliyo katika Amerika ya Kusini, nchi ndefu na nyembamba kama ukanda uliolazwa baina ya milima ya Andes na Bahari ya Pasifiki. Tulikwenda huko walimu wawili wa chuo cha ualimu, kwa mambo ya shule. Kazi ilipokwisha, zilitubakia siku sita za kungojea ndege ya kurudi. Mwenzetu, ambaye hapendi kukaa bure, akasema, "Mwalimu, tukikodi motokaa hapa Antofagasta tutaweza kulipita jangwa lote mpaka La Serena." Tukamjibu kwamba jangwa ni mahali pasipo na kitu, na mtu mwenye akili hasafiri kilomita 900 kwenda kutazama mahali pasipo na kitu. Yeye akacheka, akaenda kutafuta motokaa.

Kwanza tuseme habari ya ukavu wenyewe, kwa kuwa mambo mengine yote yatokana nao. Katika bahari ya nchi ile hupita mkondo wa maji baridi utokao kusini, uitwao mkondo wa Humboldt. Hewa iliyolala juu ya maji baridi haipandi juu sana, basi mawingu ya mvua hayafanyiki, ila ukungu tu wa asubuhi, ambao wenyeji huuita camanchaca. Upande wa mashariki, milima ya Andes yasimama kama ukuta na kuyazuia mawingu yatokayo bara. Kwa hiyo mji wa Antofagasta hupata milimita chache tu za mvua kwa mwaka mzima. Dodoma, tunayoiita nchi kavu, hupata zaidi ya milimita 500. Katika ukavu wa namna ile vitu havina haraka ya kuoza. Ubao, kamba, hata kiatu kilichotupwa njiani, hubaki miaka na miaka.

Siku ya kwanza hatukuelekea kusini, bali tulipanda kaskazini mashariki mwendo wa kilomita 100 hivi, tukafika Chacabuco, mji usio na watu. Ardhi ya huko ina shura, ile chumvi ambayo watu wa zamani waliitengenezea baruti, nayo ni mbolea nzuri sana. Kwa ajili ya shura, Chile ilipigana na Peru na Bolivia tangu mwaka wa 1879, na Bolivia ikapoteza pwani yake yote. Kisha yakaja makampuni, na wafanya kazi kwa maelfu. Hawakulipwa fedha ya nchi, bali vibati vya kampuni, ambavyo havikukubaliwa mahali pengine ila katika duka la kampuni hiyo hiyo. Wazee wetu waliofanya kazi ya kipande katika mashamba ya mkonge watalielewa jambo hili pasipo maelezo. Baadaye wataalamu wawili wa Kijerumani, Fritz Haber na Carl Bosch, walipata njia ya kutengeneza mbolea kwa naitrojeni iliyomo hewani, na kiwanda cha kwanza cha njia hiyo kikaanza kazi mwaka wa 1913. Hatimaye shura ya ardhini ikaanza kushuka bei. Chacabuco ilifunguliwa mwaka wa 1924, nayo haikudumu hata miaka ishirini. Leo zimebaki kuta za udongo, bomba la moshi, na jumba la michezo ya kuigiza, ambalo viti vyake vyamngoja mtu asiyekuja.

Lakini hatukwenda Chacabuco kwa ajili ya shura. Tarehe 11 Septemba 1973 majeshi ya Chile yaliipindua serikali, na mwaka huo huo mji huu mtupu ukafanywa kambi ya wafungwa wa siasa. Nyumba zilezile za wachimba shura zikazungushiwa waya. Miongoni mwa wafungwa alikuwamo mtu aliyejua elimu ya nyota, akakusanya wenziwe wapatao ishirini, akawafanyia darasa. Mchana walisoma maelezo, na usiku walitoka nje wakatazama. Mbingu ya huko haihitaji kitabu. Mmoja wa wanafunzi wale ameisimulia habari hii katika filamu ya Patricio Guzmán iliyotolewa mwaka wa 2010. Asema kwamba wakuu wa kambi walilipiga marufuku darasa lile, kwa sababu waliamini wafungwa wangeweza kutoroka usiku wakiongozwa na nyota.

Tumefundisha miaka kumi na minane, na bado hatujapata kusikia somo letu likiogopwa na askari. Mwenzetu alisimama muda mrefu karibu na waya, kisha akauliza, "Wale askari, nao hawakutazama juu?" Hatukuwa na jibu.

Siku ya pili tulishika njia kuu iendayo kusini. Baada ya kilomita 75 hivi tuliona mkono. Twasema mkono, maana ndivyo ulivyo: vidole vinne na gumba vyatoka katika mchanga, kimo chake mita 11, kana kwamba jitu limezikwa hapo nalo laomba msaada. Ni kazi ya mchongaji wa Chile, Mario Irarrázabal, iliyofunguliwa mwaka wa 1992, na imejengwa kwa chuma na saruji. Wako wanaosema kwamba sanaa ni kitu cha kuwekwa ndani ya nyumba nzuri. Pale hapana nyumba wala mti wala kivuli, ila mkono tu na upepo. Jambo baya ni kwamba wapita njia huandika majina yao juu yake, na mara kwa mara watu huja kuusafisha. Hatukuandika letu, ingawa tulikuwa na kalamu.

Upande ule kuna njia ipandayo mlima wa Paranal, wenye kimo cha mita 2,635. Tulikuwa tumeandika mapema kuomba ruhusa. Juu yake nchi za Ulaya zimejenga darubini nne kubwa, kila moja na kioo cha upana wa mita 8.2, yaani kioo kimoja hakingeingia katika darasa letu. Zimejengwa mahali pale kwa sababu hewa ni kavu na tulivu. Mvuke ulio hewani huificha nuru ya nyota, na mchafuko wa hewa huitikisa, kama vile sarafu iliyo chini ya maji huonekana ikicheza. Darubini zile zina majina ya lugha ya Wamapuche, wenyeji wa kusini ya Chile: Antu, ndiyo Jua, Kueyen, ndiyo Mwezi, Melipal, ndiyo Msalaba wa Kusini, na Yepun, ndiyo Zuhura, nyota ya jioni. Mwaka wa 1999 watoto wa shule wa mkoa ule walitakiwa watunge insha juu ya majina hayo. Aliyeshinda alikuwa msichana wa miaka 17 wa Chuquicamata, mji wa machimbo ya shaba, naye akapewa darubini ndogo iwe yake.

Tuliposikia habari ya msichana yule tulinyamaza, na mwenzetu alijua sababu. Miaka kadhaa iliyopita tuliketi katika baraza ya kuchagua wanafunzi wa chuo kimoja, ambacho hatutakitaja. Swali la insha lilikuwa hili: Eleza faida za utii. Msichana mmoja wa kijiji cha mbali aliandika kurasa mbili juu ya faida za utii, na ukurasa wa tatu juu ya siku ambazo haifai mtu kutii. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha wote. Wakubwa wa baraza waliisoma, wakapeana, na mmoja akasema, "Huyu atatusumbua." Sisi tulikuwa wadogo katika baraza ile. Karatasi ya majina ilipotufikia, jina lake lilikuwa limekwisha kukatwa, nasi tukatia sahihi.

Basi tuendelee na safari. Kutoka Paranal mpaka Copiapó ni mwendo mrefu usio na jambo la kusimulia, ila malori na rangi za milima. Karibu na Copiapó ndipo ulipo mgodi wa San José, ambao ulianguka tarehe 5 Agosti 2010 na kuwafungia wachimbaji 33 chini ya ardhi, mwendo wa mita 700 hivi. Walikaa siku 69, wakatolewa wote wakiwa hai, mmoja mmoja, katika chombo chembamba kilichoshushwa kwa kamba ya chuma. Bila shaka wengi wenu mwakumbuka. Na baina ya Copiapó na Vallenar jangwa huchanua. Mbegu hulala mchangani miaka mingi, kisha ikinyesha mvua isiyo ya kawaida, nchi yote hufunikwa maua mekundu na meupe na ya zambarau kwa majuma machache. Mwaka wa 1997 maua yalikuwa mengi mno. Msikilizaji, wewe nawe waujua mwaka ule: El Niño ileile iliyochukua madaraja yetu na kuzifunga njia zetu ndiyo iliyochanua jangwa la wenzetu. Sisi tulipopita hapakuwa na hata jani moja.

Kusini ya Vallenar, upande wetu wa kushoto, ulikuwako mlima wa Las Campanas, nao pia una darubini. Hapa tungependa kukaa kidogo, kwa kuwa jambo lililotukia mlimani hapo ni la ajabu, na si la darubini.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Februari 1987, kijana mmoja kutoka Kanada, Ian Shelton, alikuwa akipiga picha ya mbingu kwa darubini ya zamani, ndogo. Katika mlima huo huo alikuwako Mchile aitwaye Oscar Duhalde, ambaye kazi yake ilikuwa kuendesha darubini kwa ajili ya wataalamu. Usiku huo Duhalde alipata nafasi ya kupumzika, akaenda kutafuta kahawa, kisha akatoka nje kutazama mbingu, kama mkulima atokavyo kutazama shamba lake. Upande wa kusini kuna doa jeupe kama wingu dogo, ambalo mabaharia wa Ulaya waliliita Wingu Kubwa la Magellan. Nasi twaweza kuliona tukiwa mbali na taa, chini chini upande wa kusini, miezi ya Desemba na Januari. Si wingu, bali ni kundi kubwa la nyota lililo nje ya kundi letu. Duhalde alilijua doa hilo kama mtu ajuavyo uso wa ndugu yake, na usiku ule akaona ndani yake nyota ambayo haikuwako. Akarudi kazini, kwa kuwa kazi ilikuwa ikimngoja, wala hakumwambia mtu. Baadaye Shelton akaisafisha picha yake, akaona juu yake doa kubwa jeusi, akadhani picha imeharibika. Akatoka nje, akatazama kwa macho yake, akawakimbilia wenziwe. Alipowaeleza, Duhalde akasema, "Nami nimeiona."

Ilikuwa nyota kubwa iliyolipuka. Tangu mwaka wa 1604 wanadamu hawakupata kuona nyota ya namna hiyo kwa macho matupu. Nuru iliyoingia katika jicho la Duhalde usiku ule ilikuwa imesafiri miaka ipatayo 168,000. Tena wataalamu wametufunza kwamba katika matumbo ya nyota kubwa, na katika kulipuka kwake, ndimo zinamofanyika mali ghafi za dunia. Chuma cha jembe lako, na chokaa iliyo katika mifupa ya mkono ulishikao, vilikuwa zamani katika nyota zilizokwisha kufa. Vitabu vya elimu hiyo vimeliandika jina la Duhalde pamoja na la Shelton. Walikuwako wengi usiku ule duniani wenye darubini kubwa, nao wakizitazama darubini zao.

Siku ya nne tulifika La Serena, mji wa pwani wenye makanisa ya mawe. Katika nyumba ya mambo ya kale tuliona vyungu vya Wadiaguita, watu walioishi katika mabonde yale kabla ya Wainka kuja katika karne ya kumi na tano. Ni vyekundu, vimetiwa mistari myeusi na myeupe iliyopinda na kurudi kama ngazi, na vingine vina umbo la bata. Mwenzetu, ambaye mama yake alikuwa mfinyanzi, alivitazama hata mlinzi akaanza kutusogelea.

Kutoka La Serena njia hugeuka kuingia bara, katika bonde la mto Elqui. Huko milima ni mitupu kama mfupa, na chini yake, kandokando ya mto, ni kijani kitupu. Mpaka wa kijani na ukavu ni mfereji mmoja tu wa maji. Ukiuvuka kwa hatua moja umetoka katika shamba, umeingia jangwani. Maji ni ya theluji iyeyukayo katika Andes. Mwaka wa 1999 lilimalizika bwawa kubwa la Puclaro, na kwa ajili yake vijiji vilizamishwa. Watu wa Gualliguaica wakajengewa kijiji kipya mahali pa juu, ambapo wayatazama maji yaliyofunika mashamba ya baba zao. Kisha ukaja ukame mrefu ulioanza mwaka wa 2010, na maji ya bwawa yakapungua sana. Hatukupenda kuwauliza wazee wa pale waonaje.

Sasa habari ya mizabibu. Wasikilizaji wetu wasiotumia ulevi watatuwia radhi, kwa kuwa huwezi kulieleza bonde la Elqui pasipo kutaja divai, kama usivyoweza kuieleza Unguja pasipo karafuu. Zabibu zapenda jua la mchana na baridi ya usiku, nazo hazipendi mvua wakati wa kuiva, kwa maana mvua huleta ukungu wa majani na kuoza. Jangwa lenye mto huzipa yote. Jambo hili si geni kwetu, kwa kuwa wamishionari wa Kitaliano walipanda mizabibu Dodoma, na wakulima wa huko huvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo watu wa Elqui walipolisikia kwetu hawakulisadiki. Kwa muda mrefu zabibu nyingi za Elqui zilitumika kwa pisco, kinywaji kikali. Divai hutiwa katika chungu cha shaba, ikachemshwa, na mvuke wake ukapozwa hata ukawa maji tena. Wanaoujua mtambo wa kukeneka gongo watatambua mara moja. Msituulize sisi tumeujuaje. Peru nayo yadai kwamba jina pisco ni lake, kwa kuwa mji wa Pisco uko Peru. Mwaka wa 1936 Wachile wakalibadili jina la kijiji cha La Unión, wakakiita Pisco Elqui, wapate nao kuwa na mahali pa jina hilo. Shauri bado halijaisha. Divai yenyewe ilianza kutengenezwa kwa kuuzwa mwaka wa 1998, katika shamba la Falernia lililo karibu na bwawa, na watu wawili wa ukoo mmoja wenye asili ya Italia. Wengi waliwaona wajinga. Tulionja kidogo. Ilikuwa nzuri, yenye harufu ya pilipili manga.

Lakini sisi tulikuja Elqui kwa ajili ya mwalimu.

Katika mji wa Vicuña alizaliwa, tarehe 7 Aprili 1889, msichana aliyeitwa Lucila Godoy Alcayaga. Baba yake alikuwa mwalimu, naye aliondoka nyumbani mtoto akiwa na miaka mitatu. Walimlea mama yake na dada yake mkubwa Emelina, aliyekuwa mwalimu wa shule ya kijiji cha Montegrande, juu zaidi katika bonde. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja hivi alipelekwa shule ya Vicuña, akapewa kazi ya kuwagawia wenziwe karatasi. Wao wakachukua kupita haki yao, naye hakuwa na ukali wa kuwakataza. Karatasi zilipokwisha, yeye akaitwa mwizi mbele ya shule nzima, na wenziwe wakampiga mawe njiani. Aliikumbuka siku ile maisha yake yote.

Kabla ya kutimiza miaka kumi na sita alikuwa akifundisha watoto, kama msaidizi tu, na kuandika katika magazeti ya mkoa. Akaomba kuingia Shule ya Walimu ya La Serena. Wakakataa. Hawakusema kwamba hajui, bali kwamba maandiko yake ni ya hatari, hayampendezi Mungu, na mtu wa mawazo kama hayo hafai kuwekwa mbele ya watoto. Yeye akaendelea kufundisha na kujisomea peke yake usiku, na mwaka wa 1910 akafanya mtihani mjini Santiago, akapata haki ya kuwa mwalimu. Akafundisha hata kusini kabisa, Punta Arenas, kwenye baridi kali. Mwaka wa 1922 serikali ya Mexico ikamwita aje asaidie kuzitengeneza shule zake. Na tarehe 10 Desemba 1945 alisimama mbele ya mfalme wa Uswidi akapokea Tuzo ya Nobel ya fasihi, wa kwanza katika Amerika ya Kilatini yote. Jina alilojichagulia kwa maandiko yake ni Gabriela Mistral. Uso wake uko katika noti ya peso 5,000, nasi tulilipia petroli kwa uso huo mara kadhaa kabla ya kujua ni wa nani.

Shule ya Emelina huko Montegrande ingaliko, nyumba ya udongo yenye chumba cha darasa na chumba cha kulala, na madawati yamo ndani. Tulikaa katika dawati la nyuma. Sisi tu walimu wa chuo cha ualimu. Kazi yetu ni kusema nani aingie na nani abaki nje. Mwenzetu akatunong'oneza, "Wale wa La Serena nao walitia sahihi, Mwalimu." Hakusema zaidi, wala sisi hatukumjibu.

Kaburi lake liko juu ya kilima kidogo hapo karibu. Alikufa Marekani mwaka wa 1957, na mwaka wa 1960 akaletwa Montegrande, kama alivyoagiza. Aliagiza pia kwamba faida ya vitabu vyake vitakavyouzwa Amerika ya Kusini iwe ya watoto wa kijiji kile.

Usiku tulisimamisha motokaa kando ya njia, tukazima taa. Juu ya milima ya karibu yako majumba ya darubini, Tololo na Pachón. Huko Tololo uchunguzi wa nyota zilizolipuka ulisaidia kupata, mwaka wa 1998, habari kwamba ulimwengu wapanuka kwa kasi inayozidi. Na juu ya Pachón iko darubini ya Vera C. Rubin, ambayo picha zake za kwanza zilitolewa Juni 2025. Darubini za namna hiyo zahitaji giza, basi giza la mahali pale limewekewa ulinzi kama mbuga ya wanyama. Mwaka wa 2015 watu wa mataifa wanaolinda giza la usiku waliitangaza mbingu ya milima hiyo kuwa hifadhi ya kwanza ya namna yake duniani, nayo ikapewa jina la Gabriela Mistral.

Tulitazama mpaka shingo zikauma. Tulikiona Kilimia, kilekile ambacho wazee wetu wa pwani walikitazama wapate kujua majira ya kulima. Wainka wa kale hawakutazama nyota peke yake. Katika ule ukanda mweupe unaopita mbinguni waliona pia sehemu zilizo nyeusi, wakazipa majina. Moja waliiita llama, mnyama wa Andes afananaye na ngamia asiye na nundu. Mwenzetu alimwona mara moja. Sisi ilituchukua muda.

Tuliporudi nyumbani tulilitafuta daftari la mwaka ule wa baraza. Jina lilikuwamo, na mstari juu yake, na sahihi yetu chini. Tukaandika barua kwa anwani ya shule yake ya zamani, tukaeleza yote, hata habari ya Las Campanas na ile ya Montegrande, na tukaomba radhi. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, kwa mwandiko uleule. Ana watoto watatu, na kila alasiri huwafundisha kusoma watoto wa majirani, chini ya mwembe. Juu ya chuo hakuandika kitu. Aliuliza kama ile nyota ya mwaka wa 1987 ingali yaonekana.

Tukamjibu kwamba kwa macho matupu haionekani tena, lakini darubini kubwa bado zaiona pete ya nuru iliyobaki mahali pake. Katika bahasha tulitia ramani ya nyota za kusini, pamoja na karatasi ya kuombea nafasi chuoni. Kwa ramani ametushukuru. Kwa ile karatasi hajasema neno.

Mabibi na mabwana, usiku mwema.